Vigingi Tulivyoving'oa Misiera

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipoikana nyumba yetu nikiwa nimesimama mbele ya mlango wake. Aliyenitia majaribuni hakuwa askari wala jambazi. Alikuwa kijana mwembamba mwenye daftari na kofia ya jua, na swali lake lilikuwa jepesi kiasi kwamba hata kuku wetu angelijibu: nyumba hii ni ya nani? Nilimtazama, nikautazama mlango niliokuwa nimetoka kuufagia mimi mwenyewe, nikamjibu kwamba sijui.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia umechaguliwa kuwa katibu wa kamati ya kijiji huko Misiera. Hongera. Nimesikia pia kwamba watu wa vipimo wamerudi, wanapita tena kati ya nyumba na fimbo zao za rangi, na kwamba wewe umewaambia majirani wafunge midomo. Usiniulize nani kaniambia. Mimi nilihamia Mbarara, masikio yangu sikuyahamisha.

Wala usidhani nimekuita hapa nikuambie uwaamini. Mimi tena? Hata leo mtu akipiga hodi na kalamu mkononi, naangalia kwanza viatu vyake. Vikiwa safi najua gari limemleta na gari litamwondoa kabla ya mvua. Nimekulia kwenye shaka, na siku nikifa nadhani nitamwomba malaika kitambulisho. Lakini ipo shaka inayomlinda mwenyewe na ipo inayomla, na tofauti yake niliijua nikiwa nimeshachelewa.

Misiera ya wakati ule ilikuwa kama ilivyo sasa, ila mabati yalikuwa machache zaidi. Ni makazi ya wakimbizi, si kijiji, si mji. Ukitaka shamba la kukushibisha hupati, na ukitaka mtaro wa kupitisha maji machafu hupati pia. Tulikuwa na vinyozi, wauza nyanya, mafundi wa redio, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, na vyoo vilivyojaa hata mtu anafikiria mara mbili kabla ya kula. Watoto walisoma wamekaa sakafuni, bega kwa bega. Pampu ya maji ilikuwa moja, ya kusukuma kwa mkono, na ilikuwa na tabia ya kuharibika siku ambayo foleni ni ndefu kuliko zote.

Shida hizo zote ziliandikwa. Lo, ziliandikwa! Waliokuja kutuuliza walikuwa wengi kuliko waliorudi na majibu. Walituuliza kama tuna vyoo huku wameziba pua, wakaandika, wakatupiga picha, wakaenda zao. Nasi tukajifunza kujibu kwa hila. Ukiulizwa una jerikeni ngapi, unasema moja, hata kama zipo nne, maana nani ajuaye kama hizo tatu hazitakukatia posho? Ukiulizwa mnakula mara ngapi kwa siku, unataka kujua kwanza jirani kasema mara ngapi. Ndivyo tulivyoishi, na usicheke, kwa sababu nina hakika hata wewe umeshafanya hivyo.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mama, ambaye miguu yake ilivimba safarini tulipokimbia na haikupona. Mimi, nikiwa na miaka ishirini. Na mdogo wangu Faida, aliyekuwa na kumi na tatu. Baba alikuwa ameshafariki. Kila alfajiri mimi nilikwenda kulima kwenye migomba ya wenyeji, vibarua vile tunavyoviita lejaleja, kwa hiyo maji yakawa mzigo wa Faida.

Na Faida alikuwa na kichwa. Sisemi hivyo kwa kuwa ni ndugu yangu, mimi ndugu zangu siwapambi. Alifika Misiera hajui neno la Kiingereza, na baada ya mwaka mmoja alikuwa anamsahihisha mwalimu kimoyomoyo, uso ukimsaliti. Lakini akiondoka na jerikeni kabla ya jogoo, anafika darasani somo la pili limeshaisha. Mwalimu wake akamwita mama, akamwambia kwa upole kwamba mwaka unaofuata ni wa mtihani wa kumaliza msingi, na mtoto anayechelewa namna ile hawatamwandikisha. Faida alilia siku nzima. Mimi nilichokiomba kwa Mungu kilikuwa kimoja, maji yasogee karibu na mlango wetu, mtoto asome.

Sasa sikiliza jinsi Mungu anavyojibu na jinsi binadamu anavyopokea.

Asubuhi ile ya kiangazi walikuja vijana watatu. Walianzia barabarani, wakapita katikati ya nyumba wakipigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu, na kigingi cha mwisho wakakikita kwenye kona ya kwetu, hatua kama kumi na tano kutoka mlangoni. Yule mwenye daftari, Mnyankore mwenyeji aitwaye Mugisha, akanisogelea.

"Agandi, nyabo," akanisalimu kwa lugha ya kwao, kisha akaingia kwenye Kiswahili chake cha Mbarara. "Hii nyumba iko ya nani?"

"Sijui," nikasema. "Miye niko mugeni."

"Mwenye nyumba atarudi lini? Mimi nataka kuongea na yeye kidogo."

"Hatarudi."

Mama akakohoa ndani. Mugisha akautazama mlango, akanitazama mimi, akaandika kitu, akashukuru na kuondoka. Nilimwona ameshika shavu kama mtu anayejiuliza jambo. Nami nikaona nimeshinda.

Utataka kujua kwa nini nilifanya hivyo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwetu Kongo, kwenye vilima vilivyo juu ya ziwa, watu wa namna hiyo walikuja nilipokuwa mtoto. Walikuwa na adabu kweli. Walipigilia vigingi pembeni mwa shamba la baba, na baba akawakatia miwa wale, akatuambia huenda serikali inaleta barabara. Baba alikuwa mtu wa kuamini. Baada ya mavuno mawili shamba likawa la bwana mmoja mwenye karatasi, na vita vilipofika vilitukuta tumeshakuwa wapangaji kwenye udongo tuliozaliwa nao. Tangu hapo, katika nyumba yetu, mtu akipigilia mti ardhini tulianza kufunga mizigo.

Jioni watu wa kijiji walikusanyika uani mwa kanisa, baada ya mazoezi ya kwaya. Jirani yetu Papa Amani, mzee mwenye sauti nzito, ndiye aliyefungua mazungumzo.

"Banangu, ile ni mupaka," alisema. "Kwetu balianza vile vile. Leo banapigilia miti, kesho banakuambia panda lori."

Basi kila mmoja akaleta lake. Mmoja alisikia kwamba tajiri fulani wa Isingiro anataka malisho ya ng'ombe. Mwingine alisikia kwamba tutarudishwa makwetu, na nyumba zilizokaribiana na vigingi ndizo zitakazoanza. Mwingine akasema kinyume kabisa, kwamba waliowekewa vigingi ndio watakaopelekwa Ulaya, na huyo, nakuapia, alikuwa ameshakwenda kung'oa kimoja akakikita mlangoni kwake. Lisemwalo lipo, wanasema wahenga. Pale yalisemwa manne kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejiuliza yatakuwepo vipi yote.

Mwanamke mmoja wa kwaya, mtu wa maneno machache, akasema, "Tubaulize basi."

Mwanangu, hapo ndipo nilipoharibu. Nilisimama, mimi binti wa miaka ishirini, nikasema kwa sauti ya mwenye akili nyingi, "Hapana. Tukibauliza, batajua kama sisi tulishajua."

Walinipigia makofi. Papa Amani akasema binti huyu ana damu ya baba yake, jambo ambalo lilinifurahisha na ambalo, ukilifikiria vizuri, halikuwa sifa. Yule mwanamke wa kwaya akanyamaza. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka jina lake nikashindwa, ingawa majina ya waliopiga makofi nayakumbuka yote.

Siku mbili baadaye tulitoka wanawake sita na panga zetu, kama watu waendao kutafuta kuni. Jua lilikuwa juu, watu wanatuona, na hakuna aliyeona ajabu. Tulitikisa kigingi kimoja kimoja mpaka kikalegea, tukaving'oa vyote kuanzia kona ya kwetu hadi barabarani, tukavifunga pamoja na kuni na kuvibeba kichwani. Vilichemsha maharage. Maharage yalinuka rangi, tukala hivyo hivyo tukicheka. Mugisha na wenzake walirudi wakapigilia vingine, nasi tukaving'oa tena. Mara ya tatu hawakurudi.

Siku hiyo kwaya iliimba kama Pasaka. Tulikuwa tumewashinda wenye karatasi bila kurusha jiwe, na mimi nikawa nasalimiwa na wazee kwanza. Niliingia nyumbani nimevimba kichwa, nikamkuta Faida amelala juu ya daftari lake, vidole vimekauka kwa kushika mshikio wa jerikeni. Nilimfunika kanga, nikajiambia angalau nimemwachia mahali pa kulala.

Ilipita kama miezi mitatu. Jioni moja Faida alinijia mbio, jerikeni ikigonga mguu wake.

"Dada! Kule ng'ambo banapata robine! Nimeiona, maji inatoka yenyewe!"

Ng'ambo maana yake ni kijiji cha upande wa pili wa barabara. Nilikwenda naye. Mtaro ulikuwa umechimbwa, mabomba yamelazwa, na mahali pale watu walipokuwa wamekusanyika palikuwa na bomba la maji limesimama juu ya saruji, watoto wanapigana kwa furaha chini yake. Na pembezoni mwa mtaro, kwenye mstari ulionyooka, vilikuwepo vigingi vyenye vichwa vyekundu.

Mugisha alikuwa upande wa pili akikunja kamba yake. Aliponiona alitabasamu.

"Nyabo, wewe si yule mgeni? Ulipata mwenye nyumba?"

Nikamwuliza mabomba haya yalikuwa yaende wapi.

"Yalikuwa yakuje kwenu kwanza. Mimi nilitaka kumwambia mwenye nyumba kwamba bomba la kijiji tutaweka pale kwa kona yake, kama yeye anakubali. Tulikuja mara mbili, miti wanatoa. Mkubwa wetu akasema hao watu hawataki maji. Basi tukapeleka upande huu."

"Na mbona hamukutuambia?"

Mugisha aliacha kukunja kamba. Hakukasirika, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. "Nyabo," alisema, "mimi nilikwambia nataka kuongea."

Nilimwomba warudi. Alisema mabomba yamekwisha, labda utakuja mradi mwingine. Unajua mwenyewe uzito wa neno "labda" katika kinywa cha mtu wa mradi.

Nilipofika nyumbani sikumwambia mtu. Mama aliuliza, Papa Amani aliuliza, nikasema mradi umewapendelea wale wa ng'ambo. Walikubali haraka, maana sisi kusikia kwamba wengine wamependelewa ni kama kusikia kwamba jua limechomoza. Faida naye aliniuliza, "Kwa nini hakuna ya kwetu?" Nikamjibu kwamba watu waling'oa vigingi. Watu. Neno hilo lina nafasi kubwa, unaweza kujificha ndani yake miaka.

Wakati ule nilikuwa nimeanza kushona magauni ya watoto, na mara moja kwa mwezi nilipanda gari Rwekubo, senta iliyo jirani na Misiera, kuja hapa Mbarara kununua vipande vya kitenge kwa mama mmoja Mwislamu, Hajati Zaituni. Alikuwa mtoto wa askari wa Kinubi, Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya jeshi, kinyoofu na kisicho na haya. Safari iliyofuata nilimwagia yote. Sikumwagia kwa kutubu, ngoja niseme ukweli, nilimwagia kwa kulalamika. Nilisema walipaswa kutuambia. Nilisema watu wanaokuja kupima kwa watu bila kueleza ni wakosaji.

"Walikosa," Hajati akasema. "Mimi sikatai."

Akaingia mteja, mama wa Kinyankore aliyevaa vizuri. Alichagua kitenge cha bluu, akakitazama kwa jicho baya, kisha akalowesha ncha yake kwa mate, akaisugua kwenye leso yake nyeupe kwa nguvu zake zote, mbele ya uso wa mwenye duka. Leso haikushika rangi. Akanunua, akaaga, akaenda. Mimi niliona utovu wa adabu, nikasema hivyo.

"Utovu gani?" Hajati akanigeukia. "Yule ananishuku, na ananishuku usoni kwangu. Mimi nafurahi. Wewe ukinishuku utatoka kimya, utaenda kusema barabarani kwamba kitenge cha Hajati kinatoa rangi, na hujakilowesha. Ndivyo ulivyofanya na yule kijana. Mwezi uliopita uliniambia habari za baba yako. Baba yako aliamini bila kuuliza, akapoteza shamba. Wewe umeshuku bila kuuliza, umepoteza maji. Binti yangu, unafikiri wewe na baba yako mna tofauti?"

Niliinama nikaanza kukusanya vipande vyangu vya kitenge, na machozi yakaniangukia mikononi. Hajati hakunibembeleza. Alinipa kiti.

Mwanangu, maji yakimwagika hayazoleki. Watu wa ng'ambo walituruhusu kuchota kwao, lakini baada ya wao kumaliza, na ni haki yao, nani angetulaumu sisi kwa kufanya vile vile? Ile pampu yetu ya mkono ikafa kabisa mwaka huo. Faida akawa anatoka na giza, anasubiri watu wa ng'ambo wamalize, anarudi jua likiwa kali. Nilijaribu kuacha vibarua ili nichote mimi, tukalala njaa siku nne, mama akasema rudi shambani. Mwaka wa mtihani ulipoingia, jina la Faida halikuwemo. Alikuja nyumbani mchana, akaning'iniza sare yake ukutani, akaniuliza kama nina kazi yoyote ya kumpa. Hakulia. Mtoto aliyelia siku nzima kwa kuogopa jambo hilo, lilipofika hakutoa hata chozi, na mimi hadi leo sijui kilio chake kilikwenda wapi.

Faida akawa muuza nyanya. Mimi Hajati akanichukua nishone dukani kwake, nikahamia Mbarara, nikapata cherehani yangu, baadaye na mafundi wangu. Nikawa natuma sabuni, nguo, sukari, viatu vya watoto wake alipoolewa. Kila mwezi nilituma kitu. Watu wakasema, tazama dada anavyompenda mdogo wake. Ni kweli nilimpenda. Lakini nilikuwa pia najenga ukuta, mfuko wa sukari juu ya mfuko wa sukari, ili siku akijua asiweze kunifikia.

Majuto ni mjukuu, na yangu yalikawia sana. Mwaka jana Faida alikuja kwangu na binti yake wa kwanza, aliyeanza sekondari hapa mjini. Tulikuwa jikoni, yeye anamenya matoke, mimi nakata vitunguu. Binti alikuwa sebuleni akisoma kwa sauti, Kiingereza kimenyooka, na ile sauti ilikuwa ya mama yake wa miaka kumi na tatu. Nikashindwa. Nikamwambia yote, kuanzia "sijui" ya asubuhi ile, uani mwa kanisa, panga, maharage. Nilisema bila kupumua, nikitazama vitunguu.

Kisu chake kilisimama. Akasema polepole, "Nilikuwa najua kuko kitu. Zawadi zako zilikuwa mingi."

Nikamwambia nilimwogopa. Nikamwambia nilidhani angenichukia, angewaambia watoto wake, angekataa kuja kwangu, nisingekuwa na ndugu tena.

Faida akanitazama, na hapo ndipo aliponiumiza kuliko Mugisha na Hajati wote wawili.

"Kumbe miaka yote hii, dada," akasema, "ulikuwa unaogopa miye?"

Hakusema amenisamehe. Wala sikumwomba siku ile, nilikuwa sina uso. Alimenya ndizi zake mpaka zikaisha, akaniuliza chumvi iko wapi, tukala na binti yake. Alipoondoka alinikumbatia kama anavyonikumbatia siku zote, na mimi nikabaki mlangoni nikijaribu kusoma mikono yake mgongoni mwangu, kama ilikuwa mizito kidogo au myepesi kidogo kuliko zamani. Unaona ugonjwa huu ulivyo? Mtu ananikumbatia, na mimi napima.

Ndiyo sababu nimekuita, mwanangu, nawe umeacha shughuli zako ukaja. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na sisi kamba zetu tunazijua. Tumedanganywa kweli. Tumehesabiwa kama mbuzi kweli. Sitakuambia uutupe wasiwasi wako, ndio uliokufikisha ulipo. Hawa waliokuja safari hii huenda wanaleta mtaro, huenda ni barabara, na huenda kweli ni wanyang'anyi wenye adabu kama wale wa baba yangu. Mimi sijui. Lakini sikiliza vizuri: wewe pia hujui, na umeshawaambia watu wafunge midomo.

Shuku kwa mdomo, usishuku kwa mkono. Kesho nenda wewe na wenzako watano, mchana, watu wote wakiona. Waulize majina yao. Waulize kigingi hiki ni cha nini, kinaishia mlangoni kwa nani, na mwenye mlango huo ameambiwa nini. Waombe karatasi, na wakisema karatasi iko ofisini, mmoja wenu aifuate huko huko ofisini. Wakikasirika, hapo umepata jibu lako la kwanza, na mimi mwenyewe nitakuja na panga. Wakikujibu, usikae na jibu mfukoni ukijiona mkubwa. Lipeleke kwa Wakongo, kwa Warundi, kwa Wanyarwanda, kwa Wasomali, kila mtu kwa lugha yake, kabla uvumi haujaamka. Na katika mkutano, mtu mmoja wa maneno machache akisema "tuwaulize basi", mwambie asimame alirudie kwa sauti. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na anayewazuia wengine kuuliza anawanyima mengi kuliko anavyojua.

Na kama umeshakosea, kama kuna uliyemficha jambo nyumbani kwako kwa kumwogopa, mwambie leo. Mficha uchi hazai. Usingoje hadi mtoto wake afike sekondari.

Mungu aliyetutoa milimani tukiwa hai akupe jicho la kuona ubaya ukiwa mbali, na ulimi wa kuuita kwa jina lake kabla mkono wako haujafanya neno. Akulinde na wenye hila, akulinde na makofi ya watu, akulinde na akili zako mwenyewe zinapokuwa nyingi kupita kiasi. Watoto wa Misiera wafike shuleni kengele haijalia. Nenda, mwanangu. Gari la mwisho la Rwekubo halijajaa bado, na wale watu watakuwepo asubuhi.